Kisiki Apokea Kofi

Baba yangu ameshawakataa wachumba wangu wawili mbele ya televisheni, kanda ileile ya mieleka ikicheza. Wa kwanza, mechi haijafika hata katikati, aliuliza kama wale wanamieleka huwa wanapatana mapema nani atashinda. Baba alizima televisheni, akaenda mlangoni, akamgeuzia viatu vyake vikatazama nje, yaani aende zake. Wa pili alisinzia. Huyo sikuwa na la kumtetea.

Miaka ikaenda. Nilimuuguza mama mpaka akatutangulia, nikafika hamsini na tatu bila mume na bila cheti cha shule. Cheti nilianza kukitafuta kwenye masomo ya jioni. Mume sikumtafuta. Nilimkuta tu amekaa dawati la pembeni yangu, akiuma ncha ya penseli. Jina lake Hisanori. Yeye na kaka yake wana duka la mochi, vile vikeki vya wali, kule chini karibu na bandari. Wanatwanga wali wa kunata kwenye kinu, kama walivyofanya wazazi wao, kaka akishika mchi na Hisanori akiingiza mkono kuugeuza wali kati ya pigo na pigo.

Sheria hainidai ruhusa ya baba. Lakini nilitaka baraka zake, na Hisanori angehamia kwetu, na nyumba yetu ni ndogo mno. Watu wawili wasiopatana wasingeweza hata kupishana na vikombe vya chai.

Jumapili asubuhi niligonga kengele ndogo ya madhabahu yetu ya nyumbani, nikaunganisha viganja mbele ya picha ya mama. Nilisali kuliko kawaida, hata uvumba ukaisha nikawasha mwingine. Sikuomba baba abadilike. Niliomba Hisanori asiulize.

“Usiulize,” nilimwambia tukipanda kilima kwenye theluji.

“Nisiulize nini?”

“Kama wamepatana.”

“Akina nani?”

“Basi. Baki hivyohivyo.”

Jirani yetu, shangazi Fusae, alikuwa ameshafika na sahani ya mishikaki ya nguruwe na vitunguu, haradali pembeni. Hakosi siku baba anapoitazama mechi yake. Alimpima Hisanori toka kichwani hadi soksini.

“Ndiye huyu? Mbona mwembamba hivi? Tamiyo, upepo wa Muroran utakuachia huyu?”

“Nikishiba nakuwa mzito, shangazi,” alisema Hisanori, akachukua mshikaki.

“Kaa,” alisema baba. Akaitoa ile kanda mahali inapokaa, chini ya picha ya mama, akaisukuma kwenye deki.

Mechi yenyewe ilifanyika hapahapa mjini, katika ukumbi wa michezo, baridi kali, enzi ambazo tanuri za chuma zilikuwa bado zinawaka usiku na mchana. Baba alitoka zamu akaenda moja kwa moja na masizi usoni. Upande mmoja mzee Dogasaki, watu wakimwita Kisiki, goti limefungwa bendeji, paji la uso limejaa makovu kama ubao wa kukatia samaki. Upande wa pili kijana Ryuzen, nywele ndefu, kaptula inayong’aa. Utepe wa karatasi uliruka toka kila upande mpaka ulingo ukafunikwa rangi.

“Tazama!” alisema baba. “Anamwangalia tu. Hafanyi kitu, anamwangalia! Wa siku hizi angesharuka sarakasi zote.”

“Kihachi, kila mwaka unasema hivyo,” alisema shangazi Fusae.

“Na kila mwaka ni kweli.”

Hisanori alisogea mbele, magoti yakagusa meza. Baba alimtupia jicho, akalirudisha kwenye kioo, akamtupia tena. Nikaanza kuhesabu shanga zangu za sala mfukoni.

Ikafika sehemu ya makofi. Kijana anampiga mzee kifuani kwa kiganja wazi, paa! Mzee anarudi nyuma hatua moja, anarudi mbele, anatoa kifua tena. Paa! Kifua kimekuwa chekundu kama nyama ya jodari. Watu wote ukumbini wamesimama. Na hapo, mzee akiwa anaumia kuliko wakati wowote, Hisanori akacheka.

Shangazi Fusae aliacha kutafuna.

“Unacheka nini?” aliuliza baba.

“Nimefurahi, baba. Hebu rudisha nyuma kidogo.”

Baba hajawahi kuambiwa arudishe nyuma na mtu yeyote. Alirudisha.

“Usimtazame kijana,” alisema Hisanori. “Mtazame mzee. Unaona? Anavuta pumzi, anainua kidevu, ndipo kofi linakuja. Tena. Pumzi, kidevu, kofi. Yule kijana ana haraka, anataka kupiga hovyo. Mzee ndiye anayemwambia lini. Sisi dukani ni hivyohivyo. Wateja wanamtazama kaka mwenye mchi, wanampigia makofi. Lakini mchi unamfuata mwenye mkono ndani ya kinu.”

Baba aliishika rimoti bila kubonyeza. “Kwa hiyo unasema wamepatana.”

Nilifumba macho. Mama, nisaidie.

“Mimi na kaka tumepatana,” alisema Hisanori taratibu. “Tumepatana kila asubuhi kwa miaka thelathini. Yeye atapiga, mimi nitageuza. Lakini mchi ni mzito kweli. Na mkono ni wangu kweli.” Akaweka mkono wa kulia juu ya meza. Kidole cha shahada kimepinda, hakinyooki. “Siku hiyo kaka alikuwa na mawazo.”

Baba alikitazama kile kidole muda mrefu. Kisha akasimama, kwa shida, akishika ukingo wa meza.

“Fungua shati.”

“Baba!” nilisema.

“Wewe nyamaza. Sijakuambia wewe.”

Hisanori alisimama, akafungua vifungo, akaweka mikono nyuma. Akavuta pumzi. Akainua kidevu. Baba akampiga, paa! Mzee wa miaka themanini na mbili, lakini mkono ule ulibeba vyuma. Hisanori alirudi nyuma hatua moja, akarudi mbele.

“Asante, baba.”

“Alaa!” alisema shangazi Fusae. “Mwembamba anapokea!”

Kumbe mambo hayajaisha. Baba alifungua vifungo vya sweta yake ya sufu, mbavu zikaonekana, akaweka mikono nyuma. “Zamu yako.”

Nilimwona Hisanori amekwama. Akikataa, amemwambia mzee kwamba ni mzee. Akipiga, je? Akalowesha kiganja kwenye bakuli la maji ya kunawia, kama afanyavyo kinuni, akakikunja kidogo kama kikombe. Akamsubiri baba. Baba akavuta pumzi. Akainua kidevu.

Paa!

Mlio ulijaza nyumba. Baba alipepesuka, akazunguka, akashika hewa, akaanguka chali juu ya mito. Akatulia kimya.

“Mungu wangu, umemuua!” alipiga kelele shangazi Fusae. Kisha akainama, akamtazama usoni, na yeye mwenyewe akaanza kupiga mkeka kwa kiganja kama mwamuzi wa mieleka. “Moja! Mbili! Ta—”

Bega la baba likainuka.

Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtoka. “Umeona?” alimwambia Hisanori toka chini. “Halikuuma hata kidogo. Lakini wote waliamini wewe ni simba.”

Niliikimbilia kengele ya madhabahu, nikaigonga kwa nguvu kama kengele ya ulingo, na mama akatutazama toka kwenye picha yake. Kwenye kioo, ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama, Kisiki alikuwa ameshashindwa, na kijana alikuwa amempigia magoti na kuinamisha kichwa mpaka chini.

“Tamiyo, rudisha, huyu hajaona mwisho,” alisema baba. “Na wewe funga vifungo, mwanangu, utapata mafua.”

Tuliitazama tena yote. Mishikaki ilipoisha, baba alisimama akaelekea mlangoni, na moyo wangu ukasimama pamoja naye. Aliinama, akaviokota viatu vya Hisanori vilivyolowa theluji, akavipangusa kwa mkono wa sweta, akaviweka ndani ya kabati, rafu moja na vyake.

“Na mimi je, vyangu?” aliuliza shangazi Fusae.

“Wewe una kwenu.”