Lifti Yenye Baba Wawili

Kazini walimwita Sindano, kwa wembamba wake. Yeye ndiye aliyelea ghala la matoleo. Kila mwenzake alipobadilisha programu, hata kwa nukta moja, ghala liliweka toleo jipya bila kutupa la zamani, na kulipatia kitambulisho kirefu kama mkufu: tarakimu na herufi za a hadi f, zimechanganywa ovyo. Hakuna mwenye subira ya kuandika mkufu mzima. Ukiandika herufi nne za mwanzo, msimbo wa Sindano, yaani maagizo aliyoiandikia kompyuta, hukutafutia toleo lako. Au ukilipatia jina la kibinadamu, unaliita kwa jina hilo.

Mwenzake, Domo, alitengeneza sauti za lifti. Wiki ile mkewe alikuwa amejifungua kifungua mimba, na furaha ikampanda Domo kichwani. Akitoka kwenda kula, "Baba anaenda kula." Akipiga chafya, "Baba amepiga chafya." Basi alipomaliza sauti mpya za lifti za jengo lao, toleo hilo akalipatia jina: baba.

"Liwekeni sasa hivi," aliagiza Mkuu wao, akifunga tai upya. "Mwenye jengo yuko njiani, anakuja kusikiliza mwenyewe."

Sindano aliandika: chukua baba. Mashine ikajibu: tayari. Wakateremka wote watatu kumpokea mgeni.

Mwenye jengo alikuwa mama aliyejaaliwa mwili, na aliongozana na shemeji yake, mzee mkimya mwenye uso wa mtu aliyelamba ndimu. Wakaingia kwenye lifti ya mbele. Badala ya sauti laini waliyoitarajia, ikatoka sauti ya mwanamume aliyebana pua:

"Karibuni, mizigo. Vuteni matumbo, mlango unataka kufunga."

Mkuu alikohoa kwa nguvu ili kuifunika, lakini lifti haikujali.

"Ghorofa ya kwanza. Hapa hushuka wavivu wa ngazi." Kisha, "Ghorofa ya pili. Aliyekula vitunguu asipumue."

Mwenye jengo aligeuka polepole. "Shemeji, umekula vitunguu?"

"Kidogo tu," alinong'ona mzee.

"Ghorofa ya tatu. Mnene mmoja ashuke, kamba inalia."

Mwenye jengo alishusha pumzi. "Nani huyu?"

"Si mimi, mama," alisema Domo, na kwa hofu akawa amebana pua vilevile.

Mlango ulipofunguka, Sindano alichomoka mbio hadi ofisini kwao na kufungua msimbo wake. Alisoma mstari kwa mstari, masikio yakimwaka moto. Alikuwa ameuamuru utafute kwanza vitambulisho. Ukipata kimoja kinachoanza na herufi zilizoandikwa, uchukue hichohicho, usijisumbue na majina. Na b, a, b, a zote ni herufi za mkufu! Mle ghalani lilikuwamo toleo la kale ambalo kitambulisho chake, kwa bahati tu, kilianza na baba. Lilikuwa la siku Domo alipojaribu spika kwa mzaha.

Mkuu na Domo waliingia wakitweta. Aliwaeleza.

"Basi majina yatangulie," alisema Mkuu.

"Na mtu akilitaka lile la kale, akapewa hili jipya?" alisema Sindano. "Nyumbani kwetu nikisema baba, mama huniuliza: mzazi, mkubwa au mdogo? Habahatishi. Msimbo nao ukipata wawili, usimame, uulize."

"Kompyuta ya kuulizauliza si itaonekana mbumbumbu?"

"Kuuliza si ujinga, Mkuu. Ujinga tumeupandisha hadi ghorofa ya tatu."

Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kurekebisha pale mlango ulipogongwa. Mwenye jengo aliingia akimshika mkono shemeji yake, ambaye alikuwa akifuta machozi, mabega yanamtikisika.

"Mmemfanya nini?" aliuliza mama.

Domo alianza kuomba radhi. Mama akamkatiza. "Tangu astaafu huyu hajaonyesha jino. Sasa ananiambia turudi tena, eti anataka kusikia habari za vitunguu." Akaketi, kiti kikalia, naye akaangua kicheko. "Lifti ya mbele iwekeeni sauti ya adabu. Ya nyuma, ya wapangaji, mwacheni huyo wa pua."

Sindano aliandika: chukua baba. Skrini ikauliza: Baba wawili wamepatikana. Yupi? Akachagua mmoja huku, mwingine kule, na Mkuu akatazama kwa majivuno kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Haikuchukua muda lifti ya mbele ikawa inapanda tupu, ikikaribisha hewa kwa adabu. Nyuma watu walipanga foleni wakisukumana. Kisha ikaja barua ya malalamiko kutoka kwa wapangaji wembamba: lifti inawabagua, wanene wanatukanwa, lakini wembamba wao haijawahi kuutania hata mara moja.