Bediako Alisema Kwema

Maneno yale Bediako, mtembeza wageni, alikuwa ameyasema kwa miaka kumi na mmoja, na asubuhi ile aliyasema tena, ameegemea ukuta wa nyumba ya wageni, goti linamuuma, macho yako barabarani. Mkono wa kushoto hausalimii, haupokei, haumpungii mtu. Kambi ya askari haipigwi picha. Nguo za mabaka ya jeshi raia havai. Mbele ya chifu hukunji nne. Ukikuta watu wamekaa, unawasalimu kuanzia kulia, mmoja mmoja, hata wakiwa arobaini. Mwenyewe alikuwa hajisikii tena akisema. Wageni wa Kumasi, mji wa Waashanti huko Ghana, kwake yeye, walikuwa mtu mmoja tu anayebadilisha kofia: atataka kuwaona wafumaji wa vitambaa vya kente, atataka kuliona jumba la kumbukumbu, tumbo litamsumbua siku mbili, ataondoka.

Wa safari hii alikuwa mama wa Kiitaliano, jina lake Ornella, umri wa miaka sitini hivi, mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Alikuwa na mkoba wa turubai na kikaratasi chenye jina la mtu na mtaa wa Bantama. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, cha Bediako cha kukariri. Na alikuwa amevaa nyeusi tupu, tangu kitambaa cha kichwani hadi soksi.

"Hapana, mama," Bediako alisema. "Nyeusi hapa ni ya msiba. Ukiingia hivyo kwa watu, watadhani umewaletea kifo."

"Lakini mimi..."

"Ndiyo desturi yetu. Kabadilishe. Vaa yenye maua."

Yule mama alikuwa mgeni, ameambiwa desturi, akatii. Aliporudi alikuwa na gauni la maua ya njano na macho mekundu. Bediako alidhani ni vumbi.

Sasa, hata mtoto wa Kiashanti anajua kwamba mgeni akifika unamkalisha, unampa maji, kisha unamuuliza ujio wake. Bediako alikuwa amewafundisha hilo watu wasio na idadi. Yeye mwenyewe hakumuuliza Ornella kilichomleta. Alikuwa amechoka, hakuna sababu nyingine, na mimi sitamtafutia. Uchovu wa kazi ya mdomo ni mbaya kuliko wa jembe, maana mdomo huendelea wenyewe.

Nyumba waliyoitafuta ilikuwa ya mjane aliyeitwa Maame Dufie, mwanamke wa miaka sabini, mfupi, mchangamfu. Alikuwa uani anamenya mihogo na Pokuaa, binti wa dada yake. Alipoona mgeni mweupe anaingia, kisu kilimdondoka.

"Pokuaa! Viti! Huyu ametoka kwa Twumasi!"

"Umejuaje, mama mkubwa? Wazungu wote wametoka kwa Twumasi?"

"Nani mwingine ana mtoto Ulaya hapa uani? Wewe?"

Twumasi alikuwa mwanawe wa pekee. Mwaka wa sita huo alikuwa kwenye kijiji fulani cha milimani huko Italia, anachunga na kukamua. Simu pale nyumbani haikuwepo. Barua zilifika zikipenda.

Ornella alisalimu kuanzia kulia, kwa mkono wa kulia, bila kosa. Viti vikaja, maji yakaja, wakanywa. Ndipo Pokuaa, kwa niaba ya mama yake mkubwa, akakaa wima na kuuliza kama inavyoulizwa.

"Hapa petu kwema. Ninyi ndio wenye safari. Mmekuja na lipi?"

Jibu la swali hili lina njia mbili. Mwenye habari njema au ya kawaida husema kwema, kisha hueleza. Mwenye habari mbaya haligusi kabisa neno hilo. Huomba kumwona mkuu wa ukoo faraghani, na hapo kila mtu ameshaelewa. Bediako hakufikiri. Mdomo uliendelea wenyewe.

"Nasi kwema. Hatukuja na baya lolote. Mgeni huyu ametoka Ulaya kuwasalimu."

Maame Dufie alipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akamwambia Pokuaa atwange ile mihogo iwe fufu ya watu watano na asiwe mchoyo wa karanga kwenye supu.

Ornella aliuona uso ule wa furaha akamgeukia Bediako. "Umemwambia?"

"Nimemwambia nini?"

"Kwamba mwanawe amekufa."

Kwa Kiingereza kile cha kuokoteza, kwa sauti ya chini, yule mama alimweleza yote aliyopaswa kuulizwa tangu asubuhi. Twumasi alikuwa akiishi kwake. Wiki tano zilizopita hakuamka; moyo tu, daktari alisema. Wakamzika kijijini, karibu na wazazi wa Ornella. Barua alishindwa kuiandika, akapanda ndege mara ya kwanza katika maisha yake. "Nilivaa nyeusi," alisema. "Wewe ukaniambia nivue."

"Anasemaje?" Maame Dufie aliuliza huku anacheka. "Mbona anakung'ata sikio? Twumasi ameoa, sivyo? Ameoa binti wa huyu!"

"Anasema..." Bediako aliinuka kitini. "Anasema kabla ya kula angependa kumsalimu mkuu wa ukoo."

"Kumbe ana adabu! Mpeleke kwa kaka. Ila mrudi upesi, fufu haingoji mtu."

Mzee Adusei, mkuu wa ukoo, aliishi nyumba ya tatu kutoka pale. Alisikiliza hadi mwisho, fimbo katikati ya magoti, kisha akamtazama Bediako kwa muda mrefu.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe si ndiye unayewafundisha wageni adabu zetu?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Na ukamwambia mama wa marehemu kwema."

"Nilichoka, mzee. Sikuuliza."

"Kuchoka!" Mzee alitema neno lile. Kisha macho yake yakalegea, maana Twumasi alikuwa mpwa wake na yeye ndiye aliyemnyoa nywele za kwanza. Alipozungumza tena alikuwa mkuu wa ukoo. "Mama haambiwi hivi hivi, wala haambiwi akiwa na njaa. Mtarudi, mtakula chakula chake, mtaaga. Kesho alfajiri nitakwenda na ndugu zake. Tutamngoja ale kitu, ndipo tutamwambia. Basi."

Ornella alipotafsiriwa alitikisa kichwa. "Nile chakula chake nikicheka? Kwetu hiyo ni dhambi."

"Kwetu ndiyo huruma," Bediako alisema, na hakuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Wakarudi. Laiti wangemkuta Maame Dufie anapika tu. Walimkuta amevaa kitambaa cheupe cha sherehe, amejipaka poda nyeupe shingoni na mabegani kama mwanamke aliyetoka kujifungua, na majirani wamejaa mlangoni. Alikuwa akiwahadithia wote kwamba Twumasi ameoa na mama mkwe ndiye huyo anakuja.

"Mkweo mwenyewe mbona hacheki?" jirani mmoja akatania.

"Ametoka kwenye baridi huyo, meno yameganda! Muache apate supu."

Watu wakaangua kicheko. Bediako aliketi na bakuli likawekwa mbele yake. Hakuweza kuitazama poda ile. Kesho majirani hawa hawa wangekuja wamevaa nyeusi na nyekundu, na wangesema, jana Dufie alijipaka poda nyeupe mwanawe akiwa kaburini. Wangelisema mwaka mzima. Wangelisema kwenye mazishi ya Dufie mwenyewe. Na kila walipolisema, poda ile ingekuwa imepakwa kwa mkono wa Bediako. Aliona haya, haya ya kweli, ambayo alikuwa hajaionja tangu ujana, na ikamuuma kuliko goti.

"Ngoja nimkaribishe mgeni tonge la kwanza," Maame Dufie alisema, akanyanyua bakuli la Ornella. "Muulize, mwanangu amenenepa?"

Ornella hakuhitaji tafsiri. Jina la Twumasi halikutajwa kwenye swali lile, lakini alielewa. Alishika uso kwa mikono miwili.

Bediako aliinuka, akashusha kitambaa alichojitanda begani kama anavyofanya mtu mbele ya mkubwa wake.

"Maame," alisema, "lile neno la kwema nalirudisha. Si la mgeni, ni langu. Yeye alikuja amevaa anavyopaswa, mimi nikamvua. Nisamehe. Safari yetu si ya kwema."

Jirani mtaniaji alirudi nyuma hadi ukutani. Pokuaa alifungua mdomo apige ukunga, lakini Maame Dufie alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Nyamaza. Mimi sijala."

Aliweka bakuli la mgeni mahali pake, taratibu, asimwage. Kwa ncha ya kitambaa akafuta poda bega moja, kisha la pili, kisha shingo. Akaketi kwenye kigoda, akavuta bakuli lake, akanawa mkono wa kulia. Hakuna aliyesogea. Wote pale walijua kwamba maadamu mama yule anakula, hakuna mtu Kumasi nzima mwenye ruhusa ya kumwambia lolote, na yeye alijua kwamba wanajua.

Fufu haitafunwi. Unakata tonge, unalichovya kwenye supu, linateleza lenyewe, na mtu mzima humaliza bakuli kabla mazungumzo hayajakolea. Maame Dufie alikata tonge dogo kama punje ya karanga, akalitia mdomoni, akalitafuna. Alilitafuna kama mtu anayetafuna nyama ngumu. Akakata lingine. Mzee Adusei, aliyekuwa ameambiwa na mtu mbio mbio, aliingia na fimbo yake, akaona, akavua viatu na kusimama mlangoni pamoja na wengine. Jua likahama kutoka kigodani hadi kwenye kinu. Supu ilipoa, ikafanya utando juu.

Bakuli likaisha. Maame Dufie aliramba vidole, kimoja kimoja, akakaa kidogo akitazama ndani ya bakuli.

"Bediako," alisema, "niongeze."

Bediako alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akaenda jikoni, akalijaza.