Sauti Iliyobaki Rissne

Winifrida alikuwa akimenya viazi kwake Rissne, Uswidi, siku ambayo jirani yake, Sami, alipigwa kwenye ngazi. Alisikia vishindo, akaenda mlangoni na kisu mkononi, akachungulia kwenye kijitundu. Aliona wanaume watatu. Mmoja alikuwa Orhan, kiongozi wa Wana wa Nyika, kikundi cha Waturuki wanaoamini kuwa taifa lao liko juu ya yote na kwamba Wakurdi kama Sami hawana haki hata ya kuitwa Wakurdi. Sami alikuwa ametafsiri hotuba zao kwa Kiswidi, zikachapishwa gazetini, na Orhan akashtakiwa kwa uchochezi.

Winifrida hakufungua. Binti yake Maya alikuwa nyuma yake, amemshika sketi.

Sami hakufa. Ila gari la wagonjwa lilimchukua yeye, likaacha sauti yake. Ilibaki ghorofa ya tatu, mbele ya mlango wa Winifrida, kati ya lifti na dirisha, na kila jioni watu wakitoka kazini ilisema yaleyale: "Orhan, niache. Orhan, nina watoto." Kisha: "Mama Maya, fungua mlango."

Wapangaji waliizoea. Walipita wameinamisha vichwa, kama mtu apitavyo penye msiba. Wenye nyumba walimtuma fundi, akakagua mabomba, akasema ni mazima. Sami alirudi kutoka hospitali akiwa bubu na bila kukumbuka chochote. Kumbukumbu ilikuwa imebaki na sauti. Kila alipopita pale alisimama kuisikiliza kwa adabu, kama anayepewa habari za mtu mwingine.

Wana wa Nyika nao walikuja kuisikiliza. Ndivyo walivyomjua Mama Maya, shahidi pekee.

Hawakumtisha. Orhan, aliyekuwa nje akisubiri kesi ya kumpiga Sami, alianza kumshikia mlango wa chini kila aliporudi kutoka kliniki ya meno alikofanya kazi. Siku moja alimuuliza kwa upole kama Maya bado anapenda kuogelea. Winifrida akajibu ndiyo. Alipofika juu aliketi kwenye ngazi huku sauti ikimwita.

Callixte, Mkongomani wa ghorofa ya nne, alimkuta hapo.

"Dada, kule tribunali utasema nini?"

"Nilichokiona."

"Ile sauti haina mutoto. Weye uko na mutoto."

"Na yeye ana watoto, Callixte. Si unamsikia?"

"Namusikia kila siku," alisema Callixte, akaendelea kupanda.

Mahakama ilikuja kusikiliza pale pale kwenye ngazi. Walisimama na makoti yao, na sauti ikasema yake. Wakili wa Orhan alikubali kwamba ni ya Sami, lakini akauliza ni nani atakayeiapisha, na nani atamjibu maswali yake. Hakimu akaiuliza sauti jina lake.

"Mama Maya," ilisema, "fungua mlango."

Hakimu akageuka kumtazama Winifrida.

Kesho yake, mahakamani, Winifrida aliapa kusema kweli. Akaulizwa aliona nini kwenye kijitundu. Kwenye viti vya nyuma walikaa vijana wa Orhan. Mmoja alikuwa na miwani ya kuogelea ya mtoto, ya buluu, akiuvuta mkanda wake wa mpira na kuuachia.

"Palikuwa na giza," alisema Winifrida. "Sikumtambua mtu."

Sami, aliyeketi kando ya mkewe, akamwitikia kwa kichwa, kama anayeshukuru.

Orhan akaachiwa. Kesi ya hotuba nayo ikafa, kwa kuwa mfasiri hakuweza kuhojiwa.

Jioni hiyo sauti ilipoita, Winifrida alishika kitasa.

"Mamma, nej," alisema Maya kwa Kiswidi, akimkataza.

Aliufungua mlango mpaka ukagusa ukuta. "Karibu, Sami," alisema. "Nimefungua."

Sauti ikamwomba tena afungue, kwa hofu ileile, kama mtu aliye mbele ya mlango uliofungwa. Winifrida alisogea kando kuipisha. Ikaomba tena.

Chini, mlango wa nje ulifunguka, na mtu akaanza kupanda ngazi bila haraka.

Winifrida akarudi ndani, akafunga, akageuza ufunguo.