Santuri ya Bubu wa Utrera

Tharcisse Kabeya alipenda flamenko, muziki wa Kihispania, kama bahili apendavyo nyama: kwa kuitazama. Nyumbani kwake Saint-Gilles, Ubelgiji, santuri zilijaa rafu hadi darini, na gramafoni ilikuwa imeota vumbi. Sindano inakwangua, alisema. Mgeni aliyeingia sebuleni aliamriwa kunawa mikono, kisha akakatazwa kugusa chochote.

Hata hivyo roho haikumtulia. Alikosa santuri pekee aliyoirekodi Bubu wa Utrera, mwimbaji aliyetoweka Uhispania akiwa bado kijana. Mathieu, Mbelgiji mkusanyaji mwenzake, alijigamba kwamba amewahi kuiona, na tangu hapo Tharcisse alikula bila hamu.

Mwaka 2009 mkewe Mauwa, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani, alirudi kutoka kazini na habari. Mzee mmoja wa Kihispania aliyeishi nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Midi, na aliyekuja Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, kumbe ndiye Bubu mwenyewe!

Jumapili wakaenda. Tharcisse alivaa tai, glavu za pamba mfukoni.

"Santuri sina," mzee alisema. "Lakini wimbo ninao. Kaeni."

Akafumba macho, akaimba. Sauti ilikwaruza kwa vumbi la mgodi, ikapanda, ikavunjika, ikajiokota na kupanda tena. Mauwa machozi yakamtoka. Tharcisse, aliyekaa ukingoni mwa kiti, akainua kidole ubeti ukiwa katikati.

"Pardon, papa. Étiquette ya ile disque, karatasi yake ya katikati, ilikuwa rangi gani? Bleu ama rouge?"

Mzee alikatiza wimbo, akafumbua macho.

"Sikumbuki," akasema. "Siku ile nilikuwa na shughuli ya kuimba."

Kwenye ngazi Mauwa alilipuka. "Tharcisse, hauna haya? Muzee anakuimbia, weye unamuuliza rangi!"

"Bon, alors? Ile haiko disque. Ile muntu yeyote anaweza kuisikia."

Majira ya baridi mzee alipasuliwa koo, na sauti ikaenda zake. Mauwa alileta habari hiyo akilia, na kwa mara ya kwanza akamwona mumewe ameguswa.

"Hataimba tena? Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Donc hakuna disque ingine itatoka! Ile itabakia ya pekee!" Macho yalimng'aa, akakimbilia simu kumpigia Mathieu.

Mathieu, kumbe, santuri aliificha kwake miaka yote. Aliitoa kwa kubadilishana na rafu tatu nzima za Tharcisse. Ikawekwa ndani ya kisanduku cha kioo, isipigwe kamwe. Wakusanyaji wakamiminika Saint-Gilles, wakasimama mbele yake kofia mkononi kama waliofika matangani, wakanong'onezana kuhusu unene wake. Tharcisse alisimama kando kama mfiwa mkuu, akipokea pongezi.

Mauwa hakukaa kuwamiminia kahawa. Kila Jumapili alibeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, hadi nyuma ya Gare du Midi. Huko mzee alimpigia makofi ya mdundo, naye akaujaribu ule wimbo kwa Kihispania chenye lafudhi ya Lubumbashi. Alipokosea, mzee alimfinya mkono na kutikisa kichwa. Alipokosea sana, mzee alicheka bila sauti, mabega yakitetema, hadi jirani akagonga ukuta. Mauwa akaanza upya, kwa sauti ya juu zaidi.