Wavu wa Juu

Fundi cherehani alipokwenda kumuuguza mama yake kwa wiki mbili, kuku wake ishirini alimwachia wifi yake, dada wa mumewe, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Hakuwa na shaka. Wifi huyo ndiye aliyemshikia misumari siku banda linajengwa, na walizoea kutaniana kwamba kuku wale wana mama wawili.

Aliporudi alikuta wavu wote wa juu, chini ya paa, umezibwa kwa magunia na nailoni. Wifi alimweleza kwamba baridi ilikuwa kali, akawahurumia kuku wasipigwe na upepo. Fundi alimshukuru kwa moyo mmoja. Ila alipofungua mlango wa banda, harufu ilimchoma macho hadi yakatoka machozi. Maranda ya sakafuni yalikuwa yamelowa chapachapa, kuku wanakoroma kama wazee wenye pumu, na watatu walikuwa wamekwisha kukauka pembeni.

Bwana mifugo aliyeitwa hakuchukua muda. Alisema kuku ana koti lake la manyoya, baridi peke yake haimtishi. Kinachomuumiza ni upepo wa chini unaompiga akiwa amelala. Hewa chafu na unyevu hupanda, kwa hiyo juu lazima pawe wazi. Fundi akamtetea wifi yake, kwamba maskini hakujua.

Bwana mifugo akakuna kidevu. "Alijua, mama. Alinipigia simu kuniuliza kama akiziba juu harufu itapungua kwake. Nikamwambia utawaua."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye aliyeshinda na nguo mikononi mwaka mzima hakuwahi kukiona. Aling'oa magunia yote mwenyewe, kisha akaenda kwa wifi yake. Alimkuta anakunja shuka.

"Harufu ilikuwa inakukera?"

Wifi aliikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Hatimaye akakiri kwamba ilimkera tangu mwaka wa kwanza, na safari hii alikuwa na wageni wa heshima, akaona haya.

"Miaka minne unakula mayai yangu, unacheka na mimi. Ungesema neno moja tu, ningelihamisha banda."

"Niliogopa kukuudhi, wifi."

Kilichomuumiza fundi kuliko kuku ni ile shukrani yake ya mlangoni, na jinsi mwenzake alivyoipokea bila kupepesa jicho.

Wawili zaidi walikufa; waliobaki walipona hewa ilipoanza kupita. Fundi alilihamishia banda upande wa pili wa uwanja hata hivyo. Mumewe alijaribu kusuluhisha, akaambiwa hakuna ugomvi, na kweli haukuwapo. Wifi akisalimia, anajibiwa vizuri. Lakini fundi aliposafiri tena, kuku alimwachia muuza mboga wa barabarani, mtu ambaye hata jina lake alikuwa halijui vizuri.