Printa Iliyokuwa Ikiita

Fundi wa mitandao alikuwa kichwa kimezama kwenye kabati la nyaya simu ilipolia. Mwenzake akausoma ujumbe kwa sauti: "Wifi, njoo. Mtandao wa printa umekufa." Akaangua kicheko. "Sasa wifi ndiyo imekufa, au wifi ndiye anaita?"

"Ni mke wa kaka yangu," fundi akajibu. Hakuongeza kwamba kaka mwenyewe alikuwa marehemu, wala kwamba tangu mazishi mawifi hao walikuwa wa salamu za simu tu, tena za kubahatisha.

Wifi huyo alikuwa haoni tangu utotoni. Alifundisha historia katika shule ya wasioona, na chumba cha kuchapia vitabu kilikuwa chini ya mamlaka yake. Humo ndimo ilimokaa printa ya nukta nundu, kubwa kama friji iliyolazwa. Printa ilikuwa nzima; iliyoungua ni kompyuta kuukuu iliyoiongoza, siku umeme uliporudi kwa kishindo.

"Mafundi wawili wamekuja, wote wanasema tununue mpya," wifi akalalamika fundi alipofika. "Mitihani hiyo inabisha hodi. Wanafunzi wangu wasome nini, hewa?"

Kazi ilikuwa na mwiba. Printa ile ilijua itifaki moja tu, IPX, lugha iliyotumiwa na kompyuta kusemezana kabla intaneti haijatwaa kila kitu. Linux ya kisasa, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ilikwisha kuitupa kwa kukosa wa kuitunza. Ila programu huria haizikwi ikazikika: msimbo wake hubaki hadharani, na hawakosekani watu wa kujitolea wa kuufufua. Fundi akaupata, akaujenga kwenye kompyuta aliyoileta ichukue nafasi ya iliyoungua. Ukagoma. Akarekebisha mistari iliyopitwa na wakati, ukakubali, akachomeka waya.

Printa kimya.

Akabadilisha waya, akabadilisha tundu. Kimya kile kile. Wifi alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani.

"Kaka yako angekuwa ameshaipiga teke," akasema.

"Na ingewaka, kwa kumkomoa tu."

Wakacheka wote wawili. Hawakuwa wamemtaja pamoja tangu azikwe.

Fundi akafungua programu ya kusikiliza kila kinachopita kwenye waya. Akaitazama kwa muda, akajipiga paji la uso.

"Inaita, wifi! Inatangaza jina lake tangu asubuhi. Sisi ndio viziwi."

Lugha ilikuwa ile ile, bahasha ndiyo tofauti. Zamani ujumbe wa IPX ulifungwa kwa namna nne, naye fundi alikuwa ameteua isiyo ya printa ile. Akabadilisha neno moja kwenye mipangilio. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, ikaanza kugonga nukta hadi sakafu ikatetemeka.

Wifi akaupokea ukurasa wa majaribio aliouandika fundi. Vidole vikakimbia, vikasita.

"Mstari wa tatu una kosa."

"La mashine?"

"La kwako. Umeandika 'ukolni'."

Mwalimu mkuu alipofika, alitaka printa iungwe na mtandao wa shule nzima, walimu wachape kwa simu zao. Fundi akakataa: itifaki ile ni nyumba isiyo na komeo, apitaye yeyote huingia. Akaiacha kwenye waya wake peke yake. Mwalimu mkuu akaondoka akinung'unika kwamba mashine na fundi wake ni wagumu sawasawa.

Kilichobaki ni kumfundisha wifi kuendesha mfumo kwa kibodi, akisomewa kila hatua na sauti ya kompyuta. Alishika upesi. Vitabu vikatoka, mitihani ikafanywa, na chumba kile hakikuhitaji tena fundi.

Jumamosi moja fundi akapita shuleni bila kuitwa.

"Kulikoni?" wifi akashtuka. "Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna. Nimekuja kukuona tu."

Wifi akapapasa kando yake, akavuta kiti cha pili.