Mtego wa Uhamisho

Benki ilimlipa kwa kuwadanganya wenzake, na wenzake wakamwita Mtegaji. Kila mwezi alitunga barua pepe ya uongo iliyojifanya imetoka makao makuu ya benki, akaituma kwa wafanyakazi, kisha akatazama nani atabofya. Waliobofya walipelekwa darasani kufundishwa kuutambua utapeli. Kazi ni kazi, alisema.

Safari hii alitaka kumnasa hata mjanja. Akakumbuka maneno ya shoga yake wa kaunta: mama yake amepooza, anatunzwa nyumbani kwa jirani, naye kila mwaka anaomba kuhamishiwa tawi la mji wa mama, asijibiwe. Mtegaji akaandika: "Ombi lako la uhamisho limekubaliwa. Bofya hapa kuthibitisha." Anwani ya mtumaji aliikosea makusudi, kidogo tu.

Shoga akabofya, asione ila "Asante, tumepokea," maana kanuni ilikataza siri kutoboka kabla wote hawajapimwa. Akapanda ngazi mbio hadi kwa Mtegaji, huku analia kwa furaha. Alikwisha kumpigia mama yake simu.

"Shoga, nimepata!"

"Hongera, mwenzangu," Mtegaji akasema, akamkumbatia. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alipoambiwa ukweli, shoga hakugomba. Alikwenda darasani, akakaa mbele, akashika somo kuliko wote.

Miezi ikapita. Siku moja mchana, kati ya barua zilizoripotiwa kuwa za kitapeli, Mtegaji akakuta moja iliyoletwa na shoga: uhamisho umekubaliwa, jibu leo kabla ya kufunga, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Akaikagua anwani, akapiga simu makao makuu. Ilikuwa ya kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka alikuwa yeye.

Akashuka kaunta mbio.

"Shoga, ile barua ni halali! Nimewapigia wenyewe. Jibu sasa hivi."

Mwenzake aliendelea kugonga mihuri. "Mara ile nilimwambia mama afungiwe vitu vyake, nakuja kumtoa kwa jirani. Alishinda na begi miguuni, ananisubiri."

"Haki ya Mungu nakuapia."

"Sogea, dada, unazuia wateja. Anayefuata!"

Mtegaji akatazama saa ya ukutani. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mteja wa mwisho, asubiri zamu yake.